Andreas Grüntzig

Andreas Roland Grüntzig (Dresden, 25 Juni 1939 – Forsyth, Georgia, 27 Oktoba 1985) alikuwa daktari kutoka Ujerumani aliyebuni njia ya kupanua ateri za moyo zilizosinyaa kwa kutumia puto dogo linaloingizwa kupitia mshipa, bila kufungua kifua. Alifanya tiba hiyo kwa mgonjwa wa kwanza mjini Zürich, Uswisi, tarehe 16 Septemba 1977. Njia hiyo huitwa angioplastia ya ateri za moyo.

Grüntzig hakubuni puto peke yake. Katheta yake ilikuwa pia chombo cha kupimia. Kwa njia yake daktari aliweza kujua shinikizo la damu kabla na baada ya mahali paliposinyaa, na hivyo kukadiria kama damu inafika kwenye misuli ya moyo inavyotakiwa. Wazo hilo, lililoachwa kwa muda baada ya kifo chake, ndilo lililorudi miaka ya 1990 na kuwa msingi wa vipimo vya mtiririko wa damu ambavyo leo huwasaidia madaktari kuamua ni ateri ipi ipanuliwe na ipi iachwe.

Utoto na elimu

Grüntzig alizaliwa Dresden miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuanza. Baba yake alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari. Alichukuliwa jeshini wakati wa vita na hakurudi tena. Mama yake, Charlotta, alibaki na wavulana wawili, Johannes na Andreas, akawalea kwa msaada wa ndugu katika jimbo la Saksonia.

Baada ya vita eneo hilo likawa sehemu ya Ujerumani Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia ilihamia Argentina kwa muda mfupi, kisha ikarudi na kukaa Leipzig. Huko Andreas alisoma katika shule ya Thomas, moja ya shule za zamani sana za Ujerumani. Kabla ya ukuta wa Berlin kujengwa mwaka 1961 alikuwa ameshahamia Ujerumani Magharibi, kama alivyofanya kaka yake. Wote wawili walisomea udaktari.

Andreas alihitimu Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1964. Katika miaka iliyofuata alifanya kazi katika hospitali mbalimbali za Ujerumani na kujifunza epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii. Sehemu ya mafunzo hayo aliipata London. Elimu hiyo ilimwachia tabia ya kuhesabu na kuandika matokeo ya kila mgonjwa, yawe mazuri au mabaya. Tabia hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa katika kazi yake.

Tatizo la ateri zilizosinyaa

Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu yenye oksijeni. Damu hiyo huletwa na ateri mbili zinazotoka mwanzoni mwa aorta na kugawanyika juu ya uso wa moyo. Mafuta na chokaa vikijikusanya katika ukuta wa ateri hizo, njia ya damu husinyaa. Mtu akiwa ametulia anaweza asihisi chochote. Akipanda ngazi, akibeba mzigo au akiharakisha mwendo, moyo huhitaji damu zaidi, lakini mahali paliposinyaa hapaipitishi. Ndipo kifua hubana. Ateri ikiziba ghafla, sehemu ya msuli wa moyo hufa, na hali hiyo huitwa mshtuko wa moyo.

Katika miaka ya 1960 kulikuwa na njia mbili za kumsaidia mgonjwa wa aina hiyo. Ya kwanza ilikuwa dawa. Ya pili, iliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo, ilikuwa upasuaji mkubwa wa kufungua kifua na kupandikiza mshipa mwingine ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Madaktari waliweza pia kuona ateri za moyo kwa eksirei. Mason Sones, daktari wa Cleveland nchini Marekani, alianzisha mwaka 1958 njia ya kuingiza katheta hadi kwenye mdomo wa ateri ya moyo na kupuliza dawa inayoonekana katika picha.

Picha hiyo ilionyesha umbo la ateri, si kiasi cha damu kinachopita. Madaktari walizoea kutaja msinyao kwa asilimia, kwa kuutazama tu kwa macho, na mara nyingi wawili waliotazama picha moja hawakukubaliana. Mwaka 1974 K. Lance Gould na wenzake nchini Marekani walionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba damu inayopita wakati wa mapumziko haipungui mpaka kipenyo cha ateri kisinyae kwa takriban 85%. Lakini uwezo wa ateri kuongeza damu moyo unapohitaji huanza kupungua mapema zaidi, msinyao unapopita nusu ya kipenyo au hata kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, ateri inaweza kuonekana mbaya kwenye picha na bado ikatosheleza, au ikaonekana ya wastani na kumbe inamnyima mgonjwa damu anapofanya kazi.

Kutoka kwa Dotter hadi kwenye puto

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Grüntzig alifanya kazi katika kliniki ya magonjwa ya mishipa mjini Darmstadt. Huko alisikia habari za Charles Dotter, mtaalamu wa eksirei wa Portland, Oregon. Tarehe 16 Januari 1964 Dotter alikuwa amepanua ateri ya mguu ya mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha katheta nyembamba, kisha nene zaidi juu yake, mpaka njia ikafunguka. Mguu ulipona na mgonjwa akaendelea kutembea.

Marekani kwenyewe njia ya Dotter haikupokelewa vizuri. Ilihitaji tundu kubwa katika mshipa, na katheta ilisukuma uchafu wa ateri mbele yake kama jembe linavyosukuma udongo. Ulaya walikuwapo walioifuata, hasa Eberhard Zeitler wa Ujerumani. Grüntzig, aliyejiunga na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zürich mwaka 1969, alikwenda kujifunza kwa Zeitler na kuileta njia hiyo Uswisi.

Aliona kwamba kilichohitajika ni kitu kinachoingia kikiwa chembamba na kupanuka kikiwa ndani. Puto la kawaida la mpira halikufaa, kwa sababu linapokutana na mahali pagumu huvimba pande zote mbili zilizo laini na kuacha penye msinyao kama palivyokuwa. Alitafuta kitu ambacho kingepanuka hadi kipimo fulani tu kisha kikakaa kigumu. Heinrich Hopff, profesa mstaafu wa kemia mjini Zürich, alimshauri kujaribu kloridi ya polivinili, plastiki inayotumika pia kufunikia nyaya za umeme.

Kazi nyingi ya kutengeneza katheta ilifanyika nyumbani kwake, juu ya meza ya jikoni, baada ya saa za hospitali. Mke wake Michaela alimsaidia, pamoja na Maria Schlumpf, msaidizi wake, na mume wa Maria, Walter. Walikata neli, wakazipasha moto, wakazivuvia ndani ya umbo, wakazifunga kwa uzi na gundi. Nyingi zilipasuka. Februari 1974 Grüntzig alitumia puto lake kwa mara ya kwanza kupanua ateri ya mguu wa mgonjwa, na matokeo yakawa mazuri.

Katheta yenye njia mbili

Hatua iliyofuata ilikuwa katheta yenye njia mbili ndani yake. Njia moja ilipeleka maji ya kujaza puto. Nyingine ilipita hadi kwenye ncha, mbele ya puto, na kwa njia hiyo daktari aliweza kupuliza dawa ya eksirei na kupima shinikizo la damu.

Umuhimu wa njia hiyo ya pili unaelezeka kwa mfano wa bomba la maji. Bomba likibinywa mahali fulani, nguvu ya maji kabla ya hapo hubaki ilivyo, lakini baada ya hapo hupungua. Kadiri bomba linavyobinywa zaidi ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Grüntzig alipima shinikizo katika aorta na katika ncha ya katheta iliyopita msinyao. Tofauti ya namba hizo mbili ilimwambia ukubwa wa tatizo. Baada ya kujaza puto na kulitoa hewa na maji alipima tena. Tofauti ikiwa imepungua, ateri imefunguka. Ikiwa bado kubwa, alijaza puto tena.

Kipimo hicho kilikuwa macho yake ya pili. Picha za eksirei za wakati ule hazikuwa safi vya kutosha kumwonyesha papo hapo kama kazi imefanikiwa, na pasipo kipimo angalibaki akikisia.

Mwaka 1975 alianza majaribio katika ateri za moyo za mbwa. Alizisinyaza kwa uzi kisha akazipanua kwa puto. Novemba 1976 alionyesha matokeo hayo katika mkutano wa Chama cha Moyo cha Marekani mjini Miami Beach. Wengi waliopita mbele ya bango lake hawakuamini kwamba jambo hilo lingewezekana kwa binadamu. Ateri ya moyo ni nyembamba, inapiga pamoja na moyo, na kuiziba hata kwa sekunde chache kulihofiwa kuleta kifo. Richard Myler wa San Francisco ni mmoja wa waliovutiwa. Mwaka 1977 Grüntzig alikwenda San Francisco, na huko wakajaribu puto ndani ya ateri za wagonjwa waliokuwa tayari wamefunguliwa kifua kwa upasuaji wa kawaida.

16 Septemba 1977

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamume wa miaka 38 aliyekuwa na maumivu makali ya kifua. Picha ilionyesha msinyao mmoja mfupi katika ateri kubwa inayoshuka mbele ya moyo. Alikuwa amepangiwa upasuaji. Grüntzig alimweleza njia mpya, pamoja na ukweli kwamba haijawahi kufanywa kwa mtu aliye macho, na mgonjwa akakubali.

Haikuwa rahisi kupata ruhusa ndani ya hospitali. Aliyemuunga mkono ni Åke Senning, mkuu wa upasuaji wa moyo, ingawa njia hiyo ingeweza kupunguza wagonjwa wa idara yake mwenyewe. Timu ya upasuaji ilikaa tayari ili kifua kifunguliwe mara moja ikiwa ateri ingeziba. Palikuwa pia na pampu ya kupeleka damu mbele ya puto.

Katheta ilipita msinyao, na shinikizo katika ncha likaonekana liko chini sana. Puto lilijazwa. Mapigo ya moyo hayakuvurugika na mgonjwa hakulalamika maumivu, hivyo pampu haikutumika. Baada ya kujazwa mara ya kwanza shinikizo mbele ya msinyao lilipanda. Puto likajazwa mara ya pili ili kuondoa tofauti iliyobaki. Picha ilionyesha ateri iliyofunguka, na upasuaji haukuhitajika. Miaka 10 baadaye, wakati Grüntzig mwenyewe ameshafariki, mgonjwa huyo alichunguzwa tena mjini Atlanta, na ateri ile ilikutwa wazi.

Miezi miwili baada ya tiba hiyo Grüntzig alieleza wagonjwa wake wanne wa kwanza mbele ya mkutano wa Chama cha Moyo cha Marekani, na wasikilizaji wakampigia makofi kabla hajamaliza. Februari 1978 jarida la The Lancet lilichapisha barua yake fupi kuhusu wagonjwa watano. Tarehe 1 Machi 1978 angioplastia ya kwanza nchini Marekani ilifanywa siku hiyohiyo katika miji miwili, na Myler huko San Francisco na Simon Stertzer huko New York.

Kueleza mafanikio na makosa

Julai 1979 Grüntzig na wenzake walichapisha katika The New England Journal of Medicine taarifa ya wagonjwa 50 wa kwanza. Tiba ilifaulu kwa 32. Kwa hao msinyao ulipungua kutoka wastani wa 84% hadi 34%, na tofauti ya shinikizo kutoka wastani wa milimita 58 za zebaki hadi 19. Waliobaki hawakufaulu, na watano walilazimika kufanyiwa upasuaji wa dharura, watatu kati yao wakionyesha dalili za mshtuko wa moyo.

Taarifa hiyo haikuficha kitu. Katika wagonjwa 50, zaidi ya theluthi moja hawakupata walichotarajia. Grüntzig alijua pia kwamba ateri iliyopanuliwa inaweza kusinyaa tena baada ya miezi michache. Alisisitiza kwamba njia yake inafaa wagonjwa wachache waliochaguliwa vizuri, hasa wenye msinyao mmoja, mfupi na mpya. Alikuwa na hofu kwamba madaktari wasio na mafunzo wangeikimbilia, wakaua wagonjwa, na njia yenyewe ikapigwa marufuku.

Kwa sababu hiyo alifanya mambo mawili. La kwanza, tangu mwaka 1978 aliandaa kozi ambamo madaktari waliketi ukumbini Zürich wakimtazama kwa televisheni akitibu wagonjwa katika chumba kingine. Waliona kila kitu, pamoja na matatizo yalipotokea. Mtindo huo wa kufundisha umeenea duniani. La pili, aliunga mkono uandikishaji wa pamoja wa wagonjwa wote waliotibiwa kwa njia hiyo. Daftari la kimataifa lilianzishwa mwaka 1979 chini ya taasisi ya taifa ya moyo ya Marekani, na kila kituo kiliombwa kupeleka taarifa za matokeo yake.

Atlanta

Zürich ilimpa nafasi ndogo. Vitanda vilikuwa vichache na wagonjwa waliosubiri walikuwa wengi. Mwaka 1980 alihamia Chuo Kikuu cha Emory mjini Atlanta, Marekani, ambako alifanya kazi pamoja na Spencer King na John Douglas. Huko idadi ya wagonjwa iliongezeka haraka, na madaktari kutoka nchi nyingi walikwenda kujifunza.

Njia yenyewe ilibadilika. Waya mwembamba unaotangulia katheta, uliotengenezwa na John Simpson wa California, uliwezesha kufika katika matawi ambayo katheta ya Zürich haikuyafikia. Katheta zenyewe zikawa nyembamba zaidi kila mwaka. Faida hiyo ilikuwa na gharama: njia ya kupimia shinikizo ilizidi kuwa ndogo, ikajazwa na waya, na vipimo vikawa vigumu kusomeka. Tena, katheta ya zamani ilikuwa nene kiasi cha kuziba yenyewe sehemu ya ateri, hivyo tofauti ya shinikizo iliyopimwa ilikuwa kubwa kuliko ya kweli. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 vituo vingi vilikuwa vimeacha kupima, vikitegemea picha peke yake.

Grüntzig alitaka pia njia yake ilinganishwe kwa haki na upasuaji, kwa kupanga wagonjwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Utafiti wa aina hiyo ulianza Emory mwaka 1987, baada ya yeye kufariki, ukahusisha wagonjwa 392. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitatu makundi hayo hayakutofautiana katika vifo na mishtuko ya moyo, ingawa waliopata puto walihitaji kutibiwa tena mara nyingi zaidi.

Maisha binafsi na kifo

Grüntzig na mke wake wa kwanza, Michaela, walipata binti mmoja, Sonja. Ndoa hiyo ilivunjika baada ya kuhamia Marekani. Mwaka 1983 alimwoa Margaret Anne Thornton, aliyekuwa daktari kijana.

Alipenda kurusha ndege na alikuwa na ndege yake ndogo yenye injini mbili. Jumapili tarehe 27 Oktoba 1985, akiwa na mke wake, aliondoka pwani ya Georgia kurudi Atlanta katika hali mbaya ya hewa. Ndege ilianguka karibu na mji wa Forsyth na wote wawili walifariki. Alikuwa na miaka 46.

Mwaka huohuo wa 1985 walifariki pia Melvin Judkins, aliyetengeneza katheta za kupigia picha ateri za moyo, Charles Dotter na Mason Sones. Waanzilishi wanne wa tiba ya katheta waliondoka ndani ya miezi kumi.

Kipimo kilichorudi

Baada ya kifo chake matatizo mawili yalibaki. La kwanza lilikuwa kusinyaa tena kwa ateri, kulikotokea kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa. Mwaka 1986 Jacques Puel mjini Toulouse na Ulrich Sigwart mjini Lausanne waliweka ndani ya ateri stenti za kwanza, yaani vijineli vya wavu wa chuma vinavyobaki humo na kuizuia isifunge. Baadaye stenti zilipakwa dawa, na tatizo hilo likapungua sana.

Tatizo la pili lilikuwa kujua nani atibiwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji walilirudia wazo la Grüntzig kwa chombo bora zaidi: waya mwembamba sana wenye kihisio cha shinikizo karibu na ncha, ambao hauzibi ateri. Mgonjwa hupewa dawa, mara nyingi adenosini, inayofungua mishipa midogo yote ya moyo kwa ukamilifu. Katika hali hiyo mtiririko wa damu hufuata shinikizo, kwa hiyo kupima shinikizo ni sawa na kupima mtiririko. Shinikizo lililo mbele ya msinyao hugawanywa kwa shinikizo la aorta. Ikiwa aorta ina milimita 100 na mbele ya msinyao kuna 70, jibu ni 0.70. Maana yake ni kwamba moyo unapohitaji damu kwa wingi, ateri hiyo hupitisha 70% tu ya damu ambayo ingeipitisha kama isingesinyaa. Katika ateri isiyo na tatizo jibu hukaribia 1.

Mwaka 2009 utafiti uitwao FAME ulitoa matokeo ya wagonjwa 1,005 wenye misinyao katika zaidi ya ateri moja. Nusu yao walitibiwa kwa kufuata picha, na nusu kwa kufuata kipimo, ambapo stenti iliwekwa tu penye jibu la 0.80 au chini yake. Baada ya mwaka mmoja, 18.3% ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, wamepata mshtuko wa moyo au wametibiwa tena, dhidi ya 13.2% ya kundi la pili, ingawa kundi la pili liliwekewa stenti chache zaidi. Kuacha ateri isiyohitaji kuguswa kulimsaidia mgonjwa.

Tafiti nyingine, kama COURAGE ya mwaka 2007 na ISCHEMIA ya mwaka 2020, zilionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi ambao hali yao imetulia, dawa na mabadiliko ya maisha huzuia vifo sawa na tiba ya katheta, ingawa katheta hupunguza maumivu ya kifua. Mgonjwa wa mshtuko wa moyo ni jambo jingine. Kwake yeye kufunguliwa ateri haraka huokoa maisha.

Afrika Mashariki

Wakati Grüntzig alipokuwa mwanafunzi, ugonjwa wa ateri za moyo ulihesabiwa kuwa nadra sana kwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Mwaka 1956 Hugh Trowell, daktari wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, alichapisha na mwenzake habari za mgonjwa mmoja tu Mwafrika, kwa kuwa kumpata mgonjwa wa namna hiyo lilikuwa jambo la kuandikwa. Hali hiyo imebadilika kadiri shinikizo la juu la damu, kisukari, sigara, uzito mkubwa na kazi za kukaa zilivyoongezeka mijini.

Dar es Salaam ni mfano wa mabadiliko hayo. Hospitali ya Muhimbili iliyoko Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Hospitali ya Princess Margaret, na kwa miongo mingi shughuli zake kubwa zilikuwa magonjwa ya kuambukiza, uzazi na ajali. Grüntzig alipofariki mwaka 1985 mgonjwa wa Dar es Salaam mwenye ateri ya moyo iliyosinyaa hakuweza kupata tiba ya puto nchini. Aliyekuwa na uwezo, au aliyegharimiwa na serikali, alisafiri nje, na baadaye safari nyingi zilikuwa za kwenda India. Wengine wote walibaki na dawa.

Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete katika eneo hilohilo, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa China. Taasisi hiyo hufanya uchunguzi wa ateri za moyo na kuzizibua kupitia tundu dogo kwenye mshipa wa paja au wa mkono, yaani kwa njia ileile iliyoanzia Zürich. Huduma kama hizo zipo pia Nairobi, na Kampala katika Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago.

Kwa nchi ambako stenti moja ni gharama kubwa kwa familia, swali la Grüntzig kuhusu damu inayopita lina uzito wa pekee. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayebanwa kifua anapopanda ngazi za ghorofa anahitaji kwanza kujulikana kama kweli moyo wake unakosa damu. Hilo hutafutwa kwa historia ya maumivu, kipimo cha umeme wa moyo, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti na kipimo cha kutembea juu ya mashine, kabla ya katheta kufikiriwa. Anayebanwa kifua akiwa amepumzika, kwa dakika nyingi, huku akitoka jasho au maumivu yakienda kwenye mkono au taya, hapaswi kusubiri vipimo hivyo vya taratibu. Anapaswa kufikishwa hospitali mara moja.

Urithi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, zaidi ya kundi lingine lolote la magonjwa. Tiba aliyoianzisha Grüntzig hufanywa leo kwa mamilioni ya wagonjwa kila mwaka, na kituo cha tiba ya moyo cha Chuo Kikuu cha Emory kimepewa jina lake.

Puto la kloridi ya polivinili lenyewe limekwisha kuachwa, na katheta ya leo haifanani na ile ya meza ya jikoni. Kilichobaki ni utaratibu wake wa kazi: kupima kabla, kutibu, kupima tena, na kuandika matokeo yote, pamoja na yale ambayo daktari angependa yasahaulike.